Kamera Imekosea, Wewe Usinyamaze: Mwongozo wa Kupinga Faini ya Gari Uingereza

Umeuza gari mwezi wa tatu. Mwezi wa tano inaingia bahasha mlangoni: gari lilelile limeonekana ndani ya eneo la ULEZ, ambako London inatoza ada magari yenye moshi mchafu, nawe unadaiwa pauni 180. Mwingine alilipia kivuko cha Dartford siku ileile aliyovuka na risiti anayo, ila alibonyeza herufi moja isiyo yake kwenye namba ya gari, sasa anadaiwa pauni 70. Wa tatu anaishi Leeds na gari lake halijaikanyaga London, lakini anaambiwa alikuwa Croydon saa kumi alfajiri, kwa sababu kuna mhalifu anayetembea na namba zake.

Wote watatu hawana hatia, na wote watatu wanaweza kulipa hadi mwisho kama watakaa kimya.

Wengi wetu tulijifunza udereva mahali ambapo faini ina uso. Trafiki anakusimamisha, mnasalimiana, unajieleza, mnaelewana au hamwelewani. Faini ya Uingereza haina uso. Kamera inasoma namba, kompyuta inaiuliza DVLA, ofisi ya kuandikisha magari kule Swansea, gari limeandikishwa kwa nani, kisha barua inachapwa na kutumwa. Hakuna wa kumwambia "Afande, nisikilize kidogo". Mashine haichoki, haioni haya, na kosa lililoingia kwenye kumbukumbu zake italirudia kila siku bila kusita.

Silaha yake kubwa ni kalenda. Watu wenye haki wanashindwa kwa sababu siku zimepita, si kwa sababu hoja zao ni dhaifu. Ndugu msomaji unayeendesha teksi, vani ya mizigo au kigari cha kukufikisha zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, mwongozo huu ni wako. Unahusu England na Wales. Scotland ina taratibu zake.

Hatua ya kwanza: Fungua bahasha

Bahasha haipoi kwa kuwekwa juu ya friji. Ifungue siku hiyohiyo, kisha andika juu yake tarehe iliyofika. Ndani utakuta tarehe ya barua, namba ya PCN (hati ya dai lenyewe) na picha ya gari, au maelekezo ya kuitazama picha hiyo mtandaoni. Itazame.

Sasa uone jinsi deni linavyokua. PCN ya ULEZ au ya ada ya msongamano wa London ni pauni 180. Ukilipa ndani ya siku 14, ni pauni 90. Siku 28 zikipita bila malipo wala pingamizi, inakuja barua iitwayo Charge Certificate, na deni linapanda hadi pauni 270. Ukiendelea kunyamaza, deni linasajiliwa Traffic Enforcement Centre, ofisi ya mahakama iliyoko Northampton, na unatumiwa Order for Recovery. Baada ya hapo anakuja dalali wa mahakama na gharama zake: kanuni za mwaka 2014 ziliweka pauni 75 anapokuandikia, na pauni 235 nyingine akifunga safari hadi mlangoni kwako. Kwa Dartford mwendo ni huohuo kwa kiwango kidogo: pauni 70, nusu yake ukiwahi, 105 ukichelewa.

Na hiyo ni PCN moja. ULEZ inafanya kazi saa 24 kila siku isipokuwa Krismasi, na tangu tarehe 29 Agosti 2023 imeenea London yote. Gari uliloliuza likiendeshwa humo siku tano mfululizo bila kulipiwa, wewe utapata PCN tano. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu unajengwa kwa pauni.

Hatua ya pili: Mjue anayekudai

Herufi PCN zinatumiwa na watu wawili tofauti kabisa, na kuwachanganya ni hatari.

Wa kwanza ni mamlaka ya umma: halmashauri ya mji, Transport for London, au National Highways wanaosimamia kivuko cha Dartford. Hapo PCN ni Penalty Charge Notice, na nyuma yake kuna sheria, mahakama na dalali. Jibu lake ni pingamizi rasmi.

Wa pili ni kampuni binafsi inayolinda maegesho ya dukani au hospitalini. Kwake PCN ni Parking Charge Notice, yaani dai la mkataba. Usidanganywe na wanaosema faini hizi hazina nguvu. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi ya ParkingEye dhidi ya Beavis, iliamua kwamba dai la pauni 85 lilikuwa halali. Lakini kampuni nayo ina masharti. Sheria ya Protection of Freedoms ya mwaka 2012 inaiwezesha kumdai mtu aliyeandikishwa kwenye kadi ya gari, hata kama haijamjua dereva, ikiwa tu imefuata masharti yake. Pale kamera ilipofanya kazi peke yake, mojawapo ya masharti hayo ni barua kumfikia mtu huyo ndani ya siku 14. Ikichelewa, chunguza vizuri kabla ya kumtaja aliyekuwa kwenye usukani. Malalamiko yanaanzia kwa kampuni yenyewe, kisha yanakwenda kwenye chombo cha rufaa, POPLA au IAS, kutegemea kampuni iko chini ya chama kipi.

Wa tatu hatumii PCN kabisa: ni polisi. Barua yao ya mwendokasi inataka umtaje dereva ndani ya siku 28, hata kama gari lilikuwa kwa shemeji. Usipojibu, hilo ni kosa jingine lenye alama sita kwenye leseni na faini inayoweza kufika pauni 1,000. Kama gari si lako au namba zimeigwa, sema hivyo kwa maandishi, lakini jibu.

Hatua ya tatu: Usilipe ili upate usingizi

Kwa mhudumu anayelipwa kima cha chini, pauni 90 ni karibu jasho la siku nzima. Hata hivyo wengi wanalipa deni lisilo lao, wakisema, "Bora yaishe." Kulipa kunamaliza kesi: ukishalipa umelikubali deni, na mlango wa rufaa umefungwa. Usilipe nusu kisha ukaandika pingamizi. Chagua moja.

Hofu ya kupoteza punguzo inaeleweka. Kwa hiyo andika ndani ya siku 14 za mwanzo. Mara nyingi mamlaka ikikataa pingamizi lililowahi, inakupa tena nafasi ya kulipa nusu, na barua yenyewe itakueleza. Ukiamua kwenda mbele hadi kwa mwamuzi, hapo nusu bei huna tena, nawe uende ukijua. Mwenye ushahidi asiogope hatua hiyo.

Hatua ya nne: Litafute kosa, ulitaje kwa jina

Kusema "nimeonewa" hakutoshi. Ofisi inataka kujua kosa liko wapi, nawe ukilipata umefika nusu ya safari. Makosa yanayojirudia ni haya.

*Kadi ya gari.* PCN inamfuata mtu aliyeandikishwa kwenye kadi, wanayoiita V5C, haimfuati dereva. Umeuza gari, lakini kumbukumbu bado zinakutaja wewe. Tafuta barua ya DVLA inayothibitisha kwamba uliwaarifu. Kama haijafika ndani ya wiki nne tangu uuze, wasiliana nao bila kungoja PCN ikukumbushe. Ongeza risiti ya mauzo iliyosainiwa, taarifa ya benki inayoonyesha fedha zilivyoingia, na ujumbe mlioandikiana na mnunuzi. Na siku ya kuuza, waarifu DVLA mtandaoni palepale, mnunuzi akiwa amesimama mbele yako. Usimwachie afanye yeye, hata kama mnasali msikiti mmoja au mnaimba kwaya moja. Kutowaarifu kunaweza kukuletea faini ya hadi pauni 1,000.

*Herufi na tarakimu.* Kwenye kibao cha Uingereza herufi O na sifuri zinachorwa vilevile, na herufi I na moja vilevile. Ukilipia kwa kubonyeza isiyo yake, umelipia gari lisilokuwepo, na la kwako linaonekana halijalipiwa. Namba za mtindo ulioanza Septemba 2001 zina mpangilio mmoja: herufi mbili, tarakimu mbili, herufi tatu. Kwa hiyo nafasi ya tatu na ya nne ni tarakimu daima. Ukiweka O pale, mtu yeyote mwenye macho anaona ulimaanisha sifuri. Lioneshe hilo, pamoja na risiti yenye tarehe na kiasi. Kwa maegesho binafsi, kanuni za sekta yenyewe zinataka tiketi ifutwe kwa kosa dogo la kuandika namba pale malipo yalipofanyika.

*Namba zilizoigwa.* Weka picha ya kamera na picha ya gari lako pamoja, kisha tafuta tofauti: rangi, rimu, stika ya dirishani, ndoano ya kuvutia tela, mkwaruzo wa bampa, hata mtindo wa maandishi ya kibao. Ripoti polisi upewe namba ya tukio. Halafu kusanya ushahidi wa mahali ulipokuwa: zamu ya kazini, risiti ya petroli, miadi ya hospitali.

*Akaunti na saa.* Akaunti ya malipo ya moja kwa moja inakwama kadi ya benki inapokwisha muda, au gari jipya linapokosa kuongezwa. Kuna pia makosa ya muda. Dartford haitozi ada kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na malipo yanakubaliwa hadi saa sita usiku ya siku inayofuata kuvuka. Linganisha saa iliyo kwenye PCN na saa ya malipo yako kabla ya kukubali chochote.

*Anwani.* Ulihama, barua zikaenda nyumba ya zamani, na habari za kwanza umezipata kwa dalali. Hili lina dawa yake, nalo linakuja mbele.

Kama ushahidi uko mikononi mwao, uombe. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inakupa haki ya kudai kumbukumbu zote walizonazo kukuhusu, bure, na kwa kawaida wana mwezi mmoja wa kujibu. Usisubiri majibu hayo ukaacha siku 28 zipite. Peleka pingamizi kwanza, nyongeza itafuata.

Hatua ya tano: Andika kwa ufupi, andika kwa sababu ya kisheria

Nyuma ya barua utakuta orodha ya sababu zinazokubalika: hukuwa mmiliki wakati huo, gari lilichukuliwa bila ridhaa yako, ada ililipwa, kosa halikutokea, kiasi kimezidi kinachoruhusiwa. Chagua inayokuhusu na uijenge hiyo. Kueleza kwamba mwezi ni mgumu, na kwamba karo ya wadogo zako kule nyumbani haijatumwa, ni kweli tupu na kunauma, lakini si sababu ya kisheria. Mwamuzi wa kesi za ULEZ hana mamlaka ya kufuta PCN kwa huruma. Ukweli wa maisha yako ukizidi kurasa mbili, ukweli wa kesi unafunikwa.

Barua nzuri ina sentensi chache:

"Napinga PCN namba fulani, ya gari namba fulani. Tarehe mnayoitaja gari halikuwa langu. Nililiuza tarehe fulani na nikaiarifu DVLA siku hiyohiyo. Nimeambatanisha uthibitisho wa DVLA, risiti ya mauzo na taarifa ya benki. Naomba PCN hii ifutwe na nithibitishiwe kwa maandishi."

Iandike hivyo kwa Kiswahili kwanza, fikra zikae sawa, kisha uiweke katika Kiingereza chepesi. Hakuna anayetoa alama za ufasaha. Kama una PCN tano, kila moja iwe na pingamizi lake na namba yake, hata kama maneno ni yaleyale. Kufutwa kwa moja hakufuti jirani yake.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ukituma mtandaoni, piga picha ya skrini ukurasa unaothibitisha kupokelewa. Ukituma kwa posta, omba hati ya kuthibitisha kwamba umetuma. Dirishani wanaitoa bure. Ukipiga simu, andika tarehe, saa na jina la aliyekujibu, halafu tuma barua pepe inayorudia mlichokubaliana. Maneno ya simu hayana kumbukumbu upande wako mpaka uyaandike.

Wao pia wana kalenda. Kwa tiketi za maegesho za halmashauri, pingamizi rasmi lisipojibiwa ndani ya siku 56 linahesabiwa kuwa limekubaliwa. Hesabu siku zao kwa umakini uleule wanaohesabia zako.

Hatua ya sita: Nenda kwa mwamuzi, ni bure

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, nao hawakupaswa. Mamlaka ikikataa, inakutumia Notice of Rejection. Inasomeka kana kwamba mambo yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza kesi yako inapata mtu wa kuisikiliza asiyelipwa kwa faini yako. Una siku 28 za kukata rufaa. Kesi za London zinakwenda London Tribunals. Za Dartford, za Birmingham na miji mingine ya England na Wales zinakwenda Traffic Penalty Tribunal. Waamuzi ni wanasheria wa kujitegemea. Hulipi chochote kukata rufaa, na kudaiwa gharama za upande wa pili ni jambo la nadra sana, linalotokea mtu akifanya upuuzi wa makusudi.

Mamlaka italazimika kuweka ushahidi wake mezani. Usome wote. Angalia tarehe za barua zao, namba ya gari kwenye picha, na kama kweli walijibu hoja yako au walikutumia maneno ya kunakili. Unaweza kuomba kesi iamuliwe kwa maandishi, au usikilizwe kwa simu au video. Kama Kiingereza kinakuwia kizito ukiwa na wasiwasi, sema mapema kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Usimpeleke mtoto wa miaka kumi akutafsirie deni la mzazi wake.

Hatua ya saba: Kama umechelewa kujua

Kwa aliyehama na barua zikapotea, au aliyejibu na jibu lake likapotea ofisini, sheria imeweka njia ya kurudisha saa nyuma. Ukipata Order for Recovery una siku 21 za kutuma tamko Traffic Enforcement Centre. Kwa ULEZ, ada ya msongamano na Dartford, fomu ni PE3. Kwa maegesho na njia za mabasi ni TE9. Siku 21 zikiwa zimepita, ambatanisha pia ombi la kuchelewa: PE2 kwa kundi la kwanza, TE7 kwa la pili, ukieleza hasa kwa nini ulichelewa.

PE3 ni hati ya kiapo. Isaini mbele ya kamishna wa viapo au wakili, ambaye ada yake ya kisheria ni pauni 5. Unatamka mambo mahususi: hukupokea PCN, au ulipinga na hukujibiwa, au ulikata rufaa na hukupata uamuzi. Usitamke lisilo kweli, maana kiapo cha uongo ni jinai. Na uelewe kinachofuata: tamko likikubaliwa, amri ya mahakama inafutwa, lakini PCN inaweza kurudi mwanzo. Jiandae kuipinga upya, safari hii kwa wakati.

Dalali anapaswa kukupa notisi ya siku saba kamili kabla ya kuja. Akifika, zungumza naye mlango ukiwa umefungwa. Kwa deni la aina hii hana haki ya kuvunja mlango ili aingie mara ya kwanza. Mwambie kwamba tamko limetumwa Northampton, mpe ushahidi kwa barua pepe, na wapigie Citizens Advice, ambao hawatozi.

Hatua ya nane: Ukishinda, dai masahihisho

Ushindi haujakamilika mpaka uwe na barua inayosema PCN imefutwa, fedha zozote zilizochukuliwa zimerudi, na dalali ameambiwa aache. Kisha rudi kwenye chanzo. Kama kosa liko DVLA, litabaki pale likisubiri kamera nyingine. Waandikie wasahihishe kumbukumbu na wakuthibitishie. Kama halmashauri ilipuuza barua zako, lalamika rasmi. Wasiposikia, mbunge wa eneo lako ana ofisi inayopokea mambo haya. Kumwandikia hakuhitaji uwe umempigia kura, wala uwe na pasipoti ya Uingereza.

Mamlaka yenye kamera ya kumwona dereva saa kumi alfajiri ina uwezo pia wa kusoma barua yake saa nne asubuhi. Tusikubali kwamba la kwanza ni kazi na la pili ni hisani. Hewa safi ya London ni jambo jema, kivuko cha Dartford kinahitaji matunzo, na anayekosa alipe. Lakini mashine ikikosea, mzigo wa kosa hilo ubebwe na mwenye mashine, nao utaanza kumwelemea siku ambayo kila aliyeonewa atajibu kwa maandishi, kwa wakati na kwa ushahidi, badala ya kutoa pauni 90 ili yaishe. Kama kuna bahasha nyumbani kwako ambayo haijafunguliwa, siku zake zinahesabiwa sasa hivi. Ifungue leo.